Kwa Mshamu, Habari za Bunduki Zetu za Mti

Mshamu, rafiki yangu,

Nimeingia baharini. Sisemi kulowa miguu, suruali nimekunja, nakusubiri kando ya baiskeli kama ulivyozoea kunikuta. Nimeingia mwili mzima, kichwa na masikio, na macho nimeyafungua humo humo ndani. Ungekuwepo ungekaa chini kwanza ndipo ucheke.

Raheli ndiye aliyesema nikuandikie. Juzi alinikuta karakanani nasema na wewe huku napiga randa. Alisimama mlangoni muda mrefu, mie sina habari, ndipo akasema, "Baba Joeli, kama una maneno naye mengi hivyo, si umwandikie?" Nilidhani ananitania. Lakini leo tumetoka kanisani, tumekula, yeye kaenda kwa jirani, na mie nimejikuta nimekaa barazani na daftari la Joeli mapajani. Basi ngoja nikueleze toka mwanzo, maana ukisikia mwisho tu hutaniamini.

Ni mwaka na nusu sasa tangu tukuzike. Homa ilikuchukua siku tisa, na katika siku hizo nilikuja kukuona mara saba. Mara zote ulikuwa unaniuliza zile bunduki sita za kupigia samaki, za wavuvi wa ng'ambo ya pantoni, zimefika wapi. Nilikuwa nakujibu zinaendelea vizuri. Nilikudanganya, Mshamu. Hata mbao nilikuwa sijachana. Kila nikishika msumeno nilikuwa nakuona wewe kitandani, mikono ile iliyokuwa inavuta mpira wa bunduki mpaka mwisho sasa haiwezi kuinua kikombe cha uji, na kazi inanishinda. Nisamehe kwa hilo.

Siku ya mazishi, watu walipokuwa wanapokezana jeneza, nami nikasogea nipokee. Nikasikia mtu nyuma yangu ananong'ona kwamba huyu si wa dini yetu. Mwingine akamjibu, "Mwache, huyo ni mwenzake." Nikabeba. Ulikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Lakini sikuandiki kulia. Nataka nikupe habari.

Chumba chako cha Mtoni wamepanga mtu na mkewe, wageni kutoka Singida, wamepaka chokaa na kuweka pazia la maua. Wenzako wa bandarini wakinikuta njiani bado wananiita "yule fundi wa Mshamu", kana kwamba wewe ndiye uliyeninunua dukani. Foleni ya sukari ndiyo ile ile. Kazi ni nyingi: serikali inataka kila mtoto akae darasani, na huyo mtoto lazima akalie kitu, kwa hiyo sie mafundi wa Keko tunachana mbao za madawati toka asubuhi mpaka jioni. Joeli anasema baba yake anatengenezea nchi nzima mahali pa kukalia. Sikumkatalia.

Sasa tuje kwenye bunduki.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Ulikuja karakanani kwangu na kitu umekifunga ndani ya gunia, ukakimwaga juu ya benchi. Bunduki ya kuzamia, ya chuma chepesi cha Ulaya, imevunjika katikati, umepewa na baharia mmoja wa meli. Mie nikakigeuza geuza, nikakuuliza, "Hii ya kupigia ndege gani?" Nawe hukucheka hata kidogo. "Ndege wa chini, Fundi. Wana magamba." Kisha ukasema hutaki niitengeneze. Unataka niitazame mpaka niielewe, halafu nikuchongee ya mti.

Mie mtu wa Upareni, sijawahi kuona samaki mkubwa kuliko dagaa wa kufungwa kwenye gazeti. Ya kwanza nikaichonga kwa mpingo, nikidhani kitu cha baharini lazima kiwe kigumu. Ilizama kama jembe, ukaifuata chini ukarudi nayo macho mekundu. Ya pili nikaichonga kwa mbao za makasha ya bandarini, ikaelea kama ganda la ndizi. Ya tatu ikawa ya mninga, na hapo tukaanza kuelewana na bahari. Mbao moja ndefu kuliko mkono wa mtu, mfereji juu yake wa kulalia mshale, mshiko nyuma, kifyatulio tulichokata kwa tindo kutoka kwenye vitasa vibovu vya shaba. Mpira wa kurusha tukautoa kwenye mipira ya ndani ya matairi ya lori. Mwisho tukapaka mafuta ya papa ili maji yasiingie, na Raheli akatunga sheria kwamba siku za mafuta ya papa naogea nje kabla sijagusa mlango.

Miaka minane tulifanya hivyo. Mie juu, wewe chini. Mie nachonga, wewe unazama nayo, halafu unatoka na kuniambia. Nilikuwa nasimama pale mchangani nakusubiri hayo maneno yako kuliko nilivyosubiri samaki. Ulikuwa na lugha yako. Pua ya bunduki ikiinuka yenyewe ndani ya maji unasema, "Inachungulia." Ikichelewa kuachia mshale, "Ina usingizi." Ikifyatuka kabla hujataka, "Hii haiwezi kutunza siri." Na ikiwa sawa hukusema maneno mengi. Ulikuwa unaifuta maji kwa kiganja, unanirudishia, unasema, "Imekaa." Basi. Nilikuwa natembea na neno hilo wiki nzima.

Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitachonga bunduki, na hakutakuwa na mtu wa kuniambia ikoje.

Miezi mitatu baada ya kukuzika nikazichonga zile sita. Uliwaahidi wewe, na ushirika wao wa uvuvi ulikuwa bado mchanga, sikuona njia ya kurudi nyuma. Mninga niliopata safari hii ulikuwa mzuri kwa macho, mkavu, mwepesi kidogo mkononi. Nilizipiga msasa mpaka zikawa kama mifupa. Nikazifunga kwenye baiskeli, nikavuka nazo kwa pantoni, nikamkabidhi Ndugu Katibu wao mwenyewe, tukapeana mikono, nikarudi nyumbani nikijisikia mtu.

Wiki mbili hazikupita. Bakari, yule mzamiaji wao mrefu mwenye kovu kidevuni, akaja Keko na bunduki tatu begani. Akanisalimia vizuri, akaziegemeza ukutani, akasema, "Fundi, hizi zinapiga juu."

Nikamuuliza, "Juu vipi?"

"Juu. Unalenga samaki, mshale unapita juu yake."

"Ni pua inayoinuka? Au ni mpira una nguvu upande mmoja? Au ni mkono wako?"

Akafikiri. Akasema, "Hazifai tu, Fundi."

Ndiyo hivyo, Mshamu. Kila mtu anaweza kuniambia haifai. Nilipunguza mti huku, nikaongeza kule, nikabadilisha mipira. Nikapeleka. Zikarudi. Nikapeleka tena. Mara ya tatu Bakari hakuja. Akaja Katibu mwenyewe na zote sita, mtu mpole, akakaa kwenye benchi akanywa maji, akaniambia kwamba hanilaumu, ila vijana wawili katika ushirika wameshaanza kusema baruti haihitaji fundi. Unajua nilivyosikia. Wewe uliyekuwa ukipita juu ya mwamba uliolipuliwa unarudi nyumbani hutaki kula. Wale vijana ni wewe uliyewaambia waache, wangojee bunduki. Na bunduki ndizo hizi zangu, zinapiga maji.

Jumamosi iliyofuata nikachukua baiskeli nikaenda Mjimwema kwa dada yako.

Maji yalikuwa yamekupwa. Dada Somoe alikuwa mbali juu ya mwamba pamoja na wanawake wenzake, kanga ameifunga kiunoni, fimbo ya pweza mkononi, anachokoa mashimo. Nikavua viatu nikamfuata nikiteleza teleza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kunijulia hali au umekuja na shida?"

"Vyote viwili."

"Hali yangu nzuri. Sema shida."

Nikamweleza yote, nimesimama kwenye maji ya kifundo. Nikamwomba anitafutie mzamiaji mmoja mwenye maneno, mtu wa kuingia na bunduki zangu na kuniambia zinafanya nini humo ndani, kama ulivyokuwa unaniambia wewe. Alinisikiliza huku fimbo iko shimoni. Nilipomaliza akavuta, akatoka na pweza amemzinga mkono mpaka kwenye kiwiko, akamgeuza, akamaliza kazi, akamtupa kapuni. Ndipo akanitazama.

"Mshamu alikuwa anakueleza kwa sababu alikuonea haya. Alijua huwezi kuingia. Mie haya hizo sina, mdogo wangu. Ingia mwenyewe."

"Dada, mie ni mtu wa milimani. Kwetu maji ni mfereji wa kumwagilia maharage."

"Ni haya haya. Hapa yamekusanyika tu."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akaniambia nikaanze nyumbani, nijifunze kutumbukiza uso ndani ya karai na kuhesabu mpaka thelathini bila kukurupuka. Nikirudi Jumamosi ijayo nimeshindwa, atanijua machoni.

Basi fikiria. Fundi mzima, miaka arobaini na moja, nimepiga magoti uani kwangu, uso ndani ya karai la kufulia, Raheli amesimama juu yangu anahesabu. Alikuwa anahesabu polepole kwa makusudi. Joeli aliita watoto wa jirani waje waone. Siku ya nne nikafika thelathini, nikainuka napumua kama mvukuto, na Raheli akasema, "Kumbe unaweza kunyamaza muda wote huo."

Dada Somoe alinipeleka kwenye lile dimbwi ndani ya mwamba, lile ambalo maji yakipwa hubaki kimo cha kifua. Akanivisha miwani yako, ile ya mti uliyoichonga kwa kisu na kuziba vioo kwa lami. Ilinibana pua, akakata kipande cha mpira akakipachika, ikakaa. Kisha akafungua kamba ya katani, akanifunga kiunoni, akapanda juu ya jiwe na ncha ameishika yeye. "Lala juu ya maji. Ukizama navuta." Ndiyo mafunzo yote.

Wale wanawake wa pweza waliacha kazi yao. Mmoja akapiga kelele, "Jamani, Fundi anabatizwa upya!" Mwingine akauliza, "Wa kwanza haukushika?" Nilicheka ndani ya maji, Mshamu. Usicheke ndani ya maji.

Jumamosi ya pili nilielea kidogo. Ya tatu nikapiga miguu nikavuka dimbwi. Ya nne nikajiona mjuzi, nikataka kutoka nje ya mwamba kwenye maji ya kweli, na Dada Somoe akaniacha, nadhani alitaka nijue. Wimbi dogo tu, wewe usingelihesabu kuwa wimbi. Likaninyanyua, likaniondoa juu ya mwamba, nikatazama chini nikaona hakuna chini. Bluu tu. Nilifungua mdomo. Sikumbuki vizuri kilichofuata, nakumbuka kamba inanikata mbavu, na nipo juu ya jiwe natapika, na fundo la kamba limenishinda kufungua. Alilifungua yeye. Nikavaa shati mwili umelowa, nikachukua baiskeli. Sikuaga. Nyumbani nikamwambia Raheli nimemaliza mambo ya bahari, nitawarudishia wavuvi fedha zao na waniwie radhi.

Wiki hiyo nilichonga madawati. Nilichonga vizuri kabisa na sikuongea na mtu.

Alhamisi mchana nikasikia mafundi wa karakana ya pili wanaamkia, "Shikamoo mama, shikamoo mama," nikainua kichwa. Dada Somoe. Alikuwa amevuka. Nilikuwa sijapata kumwona upande huu isipokuwa msibani kwako. Amevaa kanga mpya, mkononi ana kikapu chenye samaki wa kubanika, kwapani ameibana miwani yako iliyobaki kwake. Nikamfutia kigoda vumbi. Akakaa, akapewa maji, akatazama kila kitu: patasi, jiliwa, mbao zilizopangwa, mwishowe zile bunduki sita ukutani.

"Mdogo wangu," akasema, "Mshamu alikwambia nani alimfundisha kuzama?"

Nikasema ulijifundisha mwenyewe. Ndivyo ulivyoniambia. Uliniambia mara nyingi, na siku nyingine uliongeza kwamba ulizaliwa unajua.

Alicheka mpaka mafundi wakageuka. Kisha akanieleza. Kwamba kule Kilwa, ulipokuwa na miaka tisa, ulikuwa ukiyaogopa maji kuliko mtoto yeyote pale pwani. Watoto wenzako wanaogelea, wewe unalinda nguo zao. Na yeye, binti wa miaka kumi na sita, akachoka kuona mdogo wake anachekwa, akakufunga kamba kiunoni na kukutia kwenye maji ya mwamba kila siku ya kupwa, na wewe unalia mpaka sauti inakatika. "Mara ya kwanza alipopelekwa na wimbi alikaa mwezi hajanisemesha," akasema. "Wewe hata wiki haijaisha. Na wewe hukulia. Ulitapika tu."

Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Miaka minane nimesimama mchangani nikiona haya kwa woga wangu mbele yako, kumbe wewe woga huo unaujua hadi rangi yake. Ungeniambia, Mshamu. Ungesema tu neno moja. Halafu hasira ikaisha, maana nilikuona una miaka tisa, umekaa juu ya rundo la nguo za watoto wenzako, na nikakupenda zaidi.

Alipoinuka kuondoka akaweka miwani juu ya benchi langu. "Jumamosi maji yanakupwa saa nne asubuhi," akasema. Akaenda zake.

Nikaenda.

Safari hii hatukuanza dimbwini. Aliniambia nichukue bunduki moja, nisiijaze mpira, niishike tu kama fimbo, na niende nayo polepole ukingoni mwa mwamba, kamba iko kiunoni na yeye yupo. Nikavuta pumzi nikazama.

Sasa nataka nikuulize jambo. Kwa nini hukuniambia kwamba kuna sauti? Miaka yote hiyo nilidhani chini ni kimya. Kumbe kunatatarika kila mahali, kama chumvi juu ya bati la moto. Na wale pono, Mshamu! Walikuwa kama kumi, wa kijani na wa waridi, wanakwangua mwamba kwa meno, na mie nikawasikia wanatafuna. Nimesikia samaki akitafuna. Wewe ulikuwa unatoka majini na kuniambia habari za pua ya bunduki, na nyuma yako kulikuwa na yote hayo. Au labda uliniambia, nami nikawa nasikiliza bunduki tu.

Nikasahau kazi iliyonipeleka. Nilirudi juu mara tatu kupumua, nikashuka mara tatu kutazama, mpaka Dada Somoe akavuta kamba mara mbili kunikumbusha. Ndipo nikanyoosha bunduki mbele yangu na kulegeza mkono.

Ikachungulia.

Niliiona kwa macho yangu na niliisikia kwenye kiganja. Ile pua iliinuka taratibu, kama mtu anayetaka kuona juu ya ukuta, na mie nikaibana chini, nayo ikainuka tena. Hilo ndilo neno, hakuna neno lingine. Nikapiga kelele humo humo, "Inachungulia!" nikameza maji ya kutosha, nikatoka nakohoa na kucheka. Dada Somoe akauliza nimeona papa au nimeona nini. Nikamwambia nimeona kosa langu.

Kosa lilikuwa mninga. Mkavu mno, mwepesi mno kuanzia katikati kwenda mbele. Nilikuwa napunguza mti kwenye mshiko kwa kuwa mkononi, hapa juu, bunduki ilionekana nzito nyuma. Kumbe ndani ya maji uzito unakaa mahali pengine kabisa. Kila nilipopunguza nilikuwa naharibu. Nilirudi nikaenda kwa wale Wamakonde wachonga vinyago, nikawaomba vipande vya mpingo wanavyotupa. Nikachimba tumbo la bunduki chini ya pua, nikapachika kipande cha mpingo, urefu wa shubiri, nikakipiga randa mpaka ukipitisha kidole husikii maungio. Mpingo ule ule uliozamisha bunduki yetu ya kwanza. Safari hii kidogo tu, na mahali pake. Moja baada ya moja nimezipeleka majini mwenyewe. Ya kwanza ikazidi kulala, nikapunguza. Ya pili ikakubali. Ilinichukua Jumamosi tano kuzimaliza zote.

Ile ya sita niliijaza mpira. Nikalenga changu mmoja aliyekuwa anazubaa, nikakosa, akahama hatua mbili akazubaa tena. Nikalenga, nikampata. Alikuwa kama kiganja changu. Dada Somoe akamwinua kwa mkia akamtazama huku na huku, akaniuliza kama nimemwomba ruhusa mama yake. Lakini alimkaanga, na nilimla na miiba.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilizikabidhi. Bakari aliingia nazo moja moja, wanachama wamekaa mchangani wanamngoja, na mie nimekaa nao, nywele zangu bado zina chumvi kwa sababu nilikuwa nimeingia kabla yake. Akatoka na chewa mkubwa kwenye mshale. Akaniambia, "Fundi, hii inakwenda pale unapotazama." Wale vijana wawili wa baruti ndio waliokuwa wa kwanza kuchagua zao. Katibu akatoa daftari, akawaandika majina, kila mtu na bunduki atakayoitunza.

Hapo ndipo Dada Somoe, aliyekuwa amekaa pembeni anasafisha samaki, akasema bila kuinua kichwa, "Na mie?"

Bakari akacheka, akasema, "Dada, wewe si una fimbo yako?"

"Fimbo ninayo. Nimeuliza bunduki."

Katibu akakuna sikio. Akasema hapana ubaya, ila taratibu zinasema mwanachama awe mvuvi. Dada Somoe akanawa mikono, akaja akasimama mbele ya daftari. "Ndugu Katibu, nimeanza kutoa pweza kwenye mwamba huu kabla mama yako hajaolewa. Huyu Mshamu mliyekuwa mnamwita bingwa, nilimtia majini mie. Huyu fundi wenu, nimemtia majini mie. Haya niambie mvuvi ni nani."

Katibu akasogeza daftari na kidau cha wino cha kupigia dole gumba. Dada akakisukuma pembeni, akaomba kalamu. Kumbe anahudhuria kisomo cha watu wazima, jioni tatu kwa wiki, wala hakutuambia. Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa, zikapanda mlima kuelekea pembeni mwa karatasi. SOMOE. Bakari ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Na mie nilibaki nimetazama chini kwa aibu. Sie wawili, Mshamu, tumechonga bunduki miaka minane, tumewachongea makuli, mabaharia, watu wa kupita tu. Hatukuwahi hata mara moja kumuuliza.

Nimempima mkono. Ana mkono mfupi na mabega mapana, bunduki zetu zote ni ndefu kwake, mpira hatafikisha. Ameniambia anataka fupi, ya kuingia kwenye mapango ya mwamba wanakojificha chewa, na mshiko mwembamba kwa sababu vidole vyake vimekaza kwa kazi. Mbao nimeshachana. Safari hii nimeupima mninga kwa kuutia majini kwanza, kabla ya kuuchonga. Unaona, nimejifunza.

Daftari la mtoto linakwisha, na Raheli anarudi, namsikia anaagana na watu njiani. Mungu akuweke mahali pazuri, rafiki yangu. Mie sina wasiwasi tena kama nilivyokuwa. Bunduki ya dada yako nitaimaliza kabla ya bamvua ijayo, siku za maji makubwa, nitaingia nayo majini mwenyewe, na nitarudi nayo kuichonga mara zozote zitakazotakiwa, mpaka aniambie yeye kwamba inafaa.

Mwenzako,
Eliamani